Mpaka wa Wazee na Mpaka wa Serikali: Habari za Misitu ya Mbulu na Hanang

Mwalimu akaaye Mbulu au Hanang hana budi kuulizwa na wanafunzi wake, na pengine na wazazi wao, kwa nini msitu huu watu wamekatazwa kuingia na ng'ombe, na msitu ule watu huokota kuni bila kuulizwa neno. Kwa nini tembo akila mahindi mwenye shamba hupewa fedha ambayo haiitwi fidia. Na kwa nini babu zao walikaa na misitu hiyo hiyo miaka mingi pasipo bwana miti wala askari. Maswali haya ni ya haki, nayo yataka majibu ya kweli. Katika makala hii tutajaribu kuyajibu kwa kuangalia maneno, desturi na sheria pamoja, maana mambo haya matatu hayaelezeki vema yakitengwa.

Tuanze na neno hifadhi, lililotoka katika Kiarabu. Katika Kiswahili neno hili lina kazi mbili. Mtu huhifadhi mali kwa kuilinda isiibiwe. Tena mtu huhifadhi sura au shairi kwa kulitia moyoni hata asilisahau. Katika lugha ya sheria za misitu na wanyama imebaki kazi ile ya kwanza tu. Sisi twaona kwamba kazi ya pili haifai kuachwa, kwani habari za Mbulu na Hanang zaonyesha jambo moja waziwazi: msitu hukaa pale ambapo watu wanaopakana nao waujua mpaka wake kwa moyo na wana sauti juu yake. Msitu uliowekewa jiwe la mpaka na askari peke yake hukaa kwa kadiri ya zamu ya askari huyo.

NCHI NA WATU WAKE

Nchi ya Mbulu ni nchi ya juu, iliyoegemea ukuta wa Bonde la Ufa. Upande wa mashariki ukuta huo washuka ghafula hata nchi ya Ziwa Manyara. Upande wa magharibi nchi yateremka hata bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi. Kusini, katika Hanang, umesimama peke yake mlima Hanang, mlima wa volkano ya kale, wenye kimo cha mita 3,400 na zaidi, na mji wa Katesh uko miguuni pake. Misitu mikubwa ni mitatu: Nou, ulio juu ya ukuta kati ya Mbulu na Babati, Marang, ulio kaskazini juu ya Ziwa Manyara, na msitu wa mlima Hanang wenyewe.

Nchi za chini zinazoizunguka milima hii ni kavu, na mvua zake hazina ahadi. Misitu ya juu hunasa ukungu na mvua, huyatuliza maji yasikimbie, na kuyaachilia polepole katika chemchemi na vijito hata wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mtu akataye msitu mlimani humpunguzia maji mtu asiyemjua, akaaye chini mwendo wa siku nzima. Hii ndiyo sababu kubwa ya serikali zote, moja baada ya nyingine, kuitazama misitu hii kwa jicho kali.

Kwa mwanafunzi wa lugha nchi hii ni hazina, kwani si rahisi kupata mahali pengine katika Afrika ambapo jamaa za lugha zilizo mbali hivi zimekaa karibu hivi. Wairaqw, na ndugu zao Wagorowa wa Babati, husema lugha za Kikushi, zilizo jamaa na lugha za Ethiopia na Somalia. Wadatoga husema lugha ya Kiniloti. Wahadza wa bonde la Yaeda wana lugha yao peke yake, yenye sauti za kualika kwa ulimi, ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu. Nao Wanyiramba, Waisanzu, Wanyaturu na Wambugwe, walio pembeni, husema lugha za Kibantu. Mwalimu na ajihadhari na majina waliyobandikwa watu hawa na jirani zao. Wairaqw wameitwa Wambulu, Wagorowa wameitwa Wafiomi, na Wadatoga wameitwa Wamang'ati, neno walilopewa na Wamasai, na maana yake ni adui. Mtoto wa Kidatoga akiitwa hivyo darasani, ameitwa adui mbele ya wenzake.

Mipaka ya utawala nayo imebadilika. Babati ilikuwa sehemu ya wilaya ya Hanang hata mwaka 1985, na wilaya hizi zote zilikuwa katika mkoa wa Arusha hata mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002. Kwa sababu hiyo hatutaogopa kuvuka mpaka na kuingia Babati pale ambapo habari yetu yatupeleka.

DESTURI ZA WAIRAQW

Neno la kwanza la kujifunza ni aya. Kwa Kiiraqw aya ni nchi yenye watu na mpaka. Haikuwa nchi tu kwa sababu watu wamejenga humo. Ilifanywa kuwa nchi kwa ibada. Wazee, kwa shauri la mjuzi wa mambo ya siri aitwaye qwaslarmo, waliuweka na kuuimarisha mpaka wake kwa ibada iitwayo masay, ambayo ndani yake mnyama hutolewa sadaka, ili maradhi, ukame na maadui wakae nje. Mtaalamu Robert Thornton, katika kitabu chake juu ya Wairaqw kilichotoka mwaka 1980, ameeleza kwa urefu jinsi mawazo yao juu ya nchi yalivyojengwa juu ya mpaka huu: ndani ni mahali pa watu, nje ni mahali pa hatari. Mtu aliyehesabiwa kuwa amechafuka kwa mujibu wa desturi alitengwa na wenzake. Na binti aliyechukua mimba kabla ya kuolewa alipelekwa nje ya mpaka, kwenye nchi ya pori, asije akaidhuru nchi nzima. Desturi hiyo ilikuwa kali, nasi hatuisifu. Twaitaja kwa kuwa yaonyesha jinsi mpaka ulivyokuwa jambo zito kwao.

Neno la pili ni netlaame, yaani pepo wakaao katika maji: katika chemchemi, mito na mahali penye majimaji. Looaa, ambaye jina lake laambatana na jua, ni Mungu mwenye huruma, na Wairaqw humsema kama mama. Netlaame ni wa kuogopwa. Mtu hakuchezea makao yao, wala hakwenda kukata hovyo miti iliyoyafunika maji yao. Tazama basi jambo lililotokea: pasipo sheria iliyoandikwa, chemchemi zilibaki na kivuli, nazo hazikukauka upesi.

Neno la tatu ni slufay, dua ndefu ya maneno ya ufasaha anayoitamka mzee mmoja mbele ya wenzake, nao wakimwitikia. Ndani yake huombewa mvua, nchi, watu na mifugo. Kijana aliyeketi karibu akasikia slufay mara nyingi alijifunza mambo ya nchi yake bila kufundishwa kwa fimbo. Huku ndiko kuhifadhi kwa maana ile ya pili tuliyoitaja.

Walakini tusiwapambe wazee kwa sifa wasizozitaka. Wairaqw ni wakulima hodari, na mkulima hukata miti. Katika Irqwa Da'aw, nchi yao ya kale iliyo karibu na Kainam, walilima vilima vyote kwa ustadi mwingi, wakitumia samadi na kuzuia udongo usichukuliwe na maji, lakini miti ya asili ilibaki michache. Pori kwao lilikuwa makao ya simba na njia ya wavamizi, na kulifyeka kulikuwa kuifanya nchi iwe salama. Desturi zao hazikulinda kila mti. Zililinda mahali maalumu, nazo zililinda mahali hapo vizuri.

Dini zilipoenea na shule zilipojengwa, hofu ya netlaame ilipungua. Hilo lilikuwa tunda la mafundisho, wala hatusemi kwamba hofu hiyo irudishwe. Lakini hofu ilipoondoka katika chemchemi, mara nyingi hapakuwekwa kitu kingine mahali pake. Mti uliokuwa na mlinzi jana, leo hauna. Na mwenye shoka ni jasiri. Bandu bandu huisha gogo.

DESTURI ZA WADATOGA

Wadatoga wa Hanang, na hasa wale waitwao Wabarabaig, ni wafugaji. Mali yao ni ng'ombe, na elimu yao kubwa ni kujua malisho gani yatumike majira gani, ili yale yaliyoliwa yapate kupumzika. Mambo haya huamuliwa katika baraza, girgwageda, ambamo wanaume huketi kivulini na kusema kwa zamu hata wapatane. Wanawake nao wana baraza lao, lenye nguvu ya kumtoza faini mwanamume aliyewakosea. Mambo hayo aliyaandika mtaalamu George Klima katika miaka ya 1960.

Kwa habari ya ardhi, alama yao kubwa ni kaburi. Mzee mwenye heshima akifa hufanyiwa maziko makubwa yaitwayo bung'ed, ambayo huendelea miezi mingi, na juu ya kaburi lake hujengwa kichuguu kirefu cha udongo na miti. Mahali hapo ukoo hauwezi kupasahau. Ni kumbukumbu ya mzee, tena ni ushahidi kwamba jamaa hii ilikaa hapa.

Katika miaka ya 1970 na baadaye, serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu na jirani zake, na nchi iliyochukuliwa ilifika ekari 100,000 hivi. Nyanda hizo zilikuwa na malisho mema kuliko yote, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee, ambayo baadhi yake yalilimwa kwa matrekta. Wabarabaig walikwenda mahakamani, na mashauri yao yalidumu miaka mingi. Jambo linalotuhusu hapa ni kwamba ng'ombe waliofukuzwa uwandani hawakutoweka. Walipanda milimani na kuingia katika vichaka na misitu. Mtu atazamaye msitu peke yake ataona ng'ombe wameuharibu. Atazamaye nchi nzima ataona kwamba uharibifu ulianzia mbali na msitu.

SHERIA ZA SERIKALI

Wadachi waliweka sheria ya kulinda misitu mwaka 1904, na Waingereza waliweka yao mwaka 1921. Kwa sheria hizo misitu ya milimani ilianza kuhesabiwa kuwa mali ya Serikali. Mipaka ikapimwa, mawe yakawekwa, na mtu aliyekuwa akiingia kwa haki siku zote akawa mwivi kwa kuingia.

Lakini katika miaka hiyo hiyo Serikali yenyewe ilikuwa ikiwahimiza watu wafyeke pori. Sababu yake ilikuwa mbung'o, ambao huleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, nao hupenda vichaka vyenye kivuli. Kati ya miaka ya 1920 na 1950 maeneo makubwa ya pori la Mbulu yalifyekwa ili watu na mifugo wapate kuhamia nchi mpya. Kadhalika, mwisho wa miaka ya 1940 na baadaye, ulifanywa mpango wa kuiponya ardhi ya Mbulu iliyokuwa imechoka, na watu walilazimishwa kupunguza mifugo yao. Mzee aliyekuwa kijana siku hizo alisikia maneno mawili kwa wakati mmoja: kata huku, usikate kule. Profesa Yusufu Lawi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtaalamu wa historia, ameonyesha katika maandiko yake jinsi ujuzi wa Wairaqw juu ya nchi yao ulivyogongana na mipango ya namna hii, tena jinsi kuhamishwa kwa watu katika Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1974 na 1976, kulivyowatenga wengi na mahali walipopajua.

Kwa upande wa wanyama, Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara ilianzishwa mwaka 1960, na ya Tarangire mwaka 1970. Mwaka 2009 msitu wa Marang uliunganishwa na Hifadhi ya Ziwa Manyara, na tangu hapo wanaoupakana wamekuwa chini ya sheria za hifadhi ya taifa, zilizo kali kupita za misitu.

Mwalimu ataona faida akijua madaraja ya maeneo haya. Katika hifadhi ya taifa, mtu haruhusiwi kulima, kuchunga wala kukata kitu. Katika hifadhi ya mazingira asilia, kama ilivyo leo katika mlima Hanang, msitu hulindwa na Wakala wa Huduma za Misitu kwa ajili ya maji, viumbe, elimu na wageni wapandao mlima, na miti haivunwi. Katika msitu wa hifadhi wa kawaida, mambo mengine huruhusiwa kwa kibali. Mwisho uko msitu wa hifadhi wa kijiji, ambao kijiji chenyewe ndicho mwenye mali na mlinzi. Daraja hii ya mwisho ilitambuliwa katika Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na kutiwa nguvu na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002.

Sheria hiyo yatofautisha pia namna mbili za kushirikiana ambazo watu huzichanganya. Katika usimamizi wa pamoja, msitu ni wa Serikali, na vijiji husaidia kuulinda kwa mkataba na kupata sehemu ya faida. Katika usimamizi wa jamii, msitu ni wa kijiji, na Serikali hutoa ushauri. Ni vema kuuliza mapema msitu uko katika namna ipi, kwani watu wengi wamefanya kazi ya mlinzi wakidhani wamekwisha kuwa wenyeji wa mali.

Na kuhusu tembo aliyekula mahindi: kanuni za mwaka 2011 zaruhusu fedha itolewe kwa mtu aliyeharibiwa na mnyama mkali. Kwa mazao huitwa kifuta jasho; kwa mtu aliyeumizwa au kufa huitwa kifuta machozi. Maneno haya yamechaguliwa kwa uangalifu. Fidia ni haki ya mtu kulipwa sawasawa na alichopoteza. Kufuta jasho ni kumpa mtu pole. Mkulima anayedai thamani ya gunia zake zote hajaelezwa tofauti hii, na kazi ya kumweleza yaweza kumfikia mwalimu.

HABARI YA DURU-HAITEMBA

Sasa twafika katika mfano ambao umezungumzwa mbali nje ya Tanzania. Duru-Haitemba ni misitu ya miombo juu ya vilima vya Babati, katika nchi ya Wagorowa, yenye ukubwa wa ekta 9,000 hivi, nayo imezungukwa na vijiji vinane: Ayasanda, Bubu, Duru, Endagwe, Endanachan, Gidas, Hoshan na Riroda.

Mwanzo wa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuifanya misitu hii kuwa msitu wa hifadhi. Mpaka ulianza kupimwa. Watu walipoona kwamba msitu utaondoka mikononi mwao, wengi walikimbilia kukata na kuchoma mkaa kabla haujafungwa, kama mtu avunavyo shamba aliloambiwa kwamba kesho litanyang'anywa. Hivyo jambo lililokusudiwa kuulinda msitu likaanza kuumaliza.

Ndipo shauri likageuzwa. Maofisa, wakisaidiwa na mpango wa misaada wa Uswidi, waliwauliza wanavijiji: ninyi wenyewe mngefanya nini? Mwaka 1994 kila kijiji kilipewa nafasi ya kuishika sehemu yake. Watu waliutembea mpaka pamoja na jirani zao na kupatana. Kamati zilichaguliwa, vijana wakawekwa kuwa walinzi, na kila kijiji kiliandika kanuni zake: kuni zilizokauka, uyoga na dawa vichukuliwe, mkaa usichomwe, shamba jipya lisifunguliwe, mahali palipoharibika pafungwe hata papone. Kanuni hizo zilipelekwa katika halmashauri ya wilaya na kuwa sheria ndogo za vijiji.

Baada ya muda mfupi miche ilianza kuota mahali palipokuwa wazi, na waliokuwa wakitoka mbali kuja kukata waliondolewa na watu wa vijiji wenyewe. Kazi ambayo askari wachache hawakuiweza ilifanywa na watu waliokuwa wakishitakiwa nayo. Mfano huu ulisaidia kuleta sera ya mwaka 1998 na sheria ya mwaka 2002.

Msomaji aangalie kwamba Wagorowa hawakurudia ibada za kale. Walikaa na karatasi, kamati na faini. Lakini katika kuutembea mpaka kwa miguu, wazee na vijana pamoja, hata kila mmoja akaujua, walifanya jambo lililo karibu sana na desturi za mababu zao.

WAHADZA WA YAEDA CHINI

Wahadza kwa desturi yao hawalimi wala hawafugi; baadhi yao hata leo hupata chakula chao kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda, ubuyu ukiwamo, na kurina asali, pengine wakimfuata ndege amwonyeshaye mtu nyuki walipo. Kwa kuwa hawaachi shamba wala boma nyuma yao, watu wengine waliihesabu nchi yao kuwa tupu, na wakulima na wafugaji waliingia kidogo kidogo.

Mwaka 2011 Wahadza wa Yaeda Chini walipewa hati ya haki ya kimila juu ya ardhi yao, iliyoandikwa kwa jina la jamii nzima, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team. Msingi wake ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Kwa kawaida hati hutafutwa na mtu aliyejenga au aliyelima. Hapa ilitolewa kwa watu ambao haki yao ni kuiacha nchi kama ilivyo. Baadaye ulifuata mpango wa biashara ya hewa ya ukaa: watu na makampuni ya mbali hulipa ili miti ya Yaeda isikatwe, na fedha hiyo huwalipa walinzi waliotoka katika jamii yenyewe na kusaidia matibabu na elimu. Kwa njia hii watu waliodharauliwa kuliko wote kwa kutokuwa na shamba wamekuwa walimu wa jirani zao katika kuulinda msitu.

MLIMA HANANG MWAKA 2023

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa nguvu hata Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 walikufa. Wengi walidhani kwamba volkano imeamka, lakini wataalamu wa serikali walieleza kwamba haikuwa hivyo: mwamba wa mlima ulio dhaifu ulikuwa umenyonya maji mengi, ukamomonyoka.

Katika jambo zito kama hili yafaa tuseme kweli bila kuzidisha. Si haki kuwaambia waliofiwa kwamba ndugu zao walikufa kwa sababu fulani alikata mti. Mlima mrefu wenye mwamba uliooza huweza kuanguka hata ukiwa na msitu, na mvua ya kupita kiasi haina mkono wa mwanakijiji. Lakini ni kweli pia kwamba mizizi huushika udongo wa juu, na kwamba mkondo wa maji uliojengwa nyumba ni hatari siku ya gharika. Wazee wa kila nchi ya milima hujua maji yalipita wapi zamani, na mara nyingi jina la mahali huwa na habari hiyo. Ujuzi huo ukisahauliwa, watu hujenga juu yake.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Kutokana na habari hizi twaona mambo manne ambayo mwalimu au kasisi aweza kuyafanya bila fedha.

La kwanza, yaandikwe majina. Kila shule na iwatume wanafunzi kwa wazee wao waulize majina ya chemchemi, vijito, vilima na miti mikubwa ya kijiji, kwa lugha ya mahali hapo, na sababu ya kila jina. Yaandikwe kwa tahajia iliyo sahihi, kwani Kiiraqw na Kidatoga zina sauti zisizokuwamo katika Kiswahili. Kazi hii haiwezi kungoja, maana wanaoyajua wazeeka.

La pili, mpaka utembewe. Mara moja kwa mwaka wanafunzi wakubwa wauzunguke mpaka wa msitu wa kijiji pamoja na wazee na wajumbe wa kamati. Mtoto aliyeutembea mpaka atajua siku umesogezwa.

La tatu, sheria isomwe. Sheria ndogo za kijiji, na mkataba wa usimamizi wa pamoja kama upo, zisomwe mkutanoni kwa Kiswahili chepesi na kufasiriwa kwa lugha ya wenyeji. Wengi hutiwa hatiani kwa sheria ambayo hawakupata kuisikia.

La nne, ni juu ya chemchemi. Tumekwisha kusema kwamba hofu iliyoilinda imeondoka. Mahali pake na iwekwe sababu iliyo wazi: maji haya ni ya mtu wa chini kama yalivyo ya mtu wa juu, na kivuli hiki ndicho kinachoyaweka. Mti wa asili na upandwe pale ulipotoka mti wa asili. Mkaratusi, ambao hunywa maji mengi, uwekwe mbali na chemchemi. Na mzee asemapo kwamba babu yake alimkataza kukata hapo, asichekwe. Aulizwe kwa upole babu alimkataza wapi hasa, maana aghalabu hapo ndipo maji yalipo.

Serikali ina mawe yake ya mpaka, nayo yana kazi yake. Pasipo sheria mwenye nguvu angechukua yote. Lakini jiwe halisemi na mtoto. Kusema naye ni kazi ya mzee na ya mwalimu, na wakati wa kuifanya ni huu ambapo wazee waliouzunguka mpaka wa kale bado wako hai.